Nikimfuata Padre Matteo Ricci kutoka Macau hadi Beijing

Jumatatu, Macau

Padre Matteo Ricci alishuka bandarini hapa tarehe 7 Agosti 1582, akiwa na umri wa miaka 29, bila kujua hata neno moja la Kichina. Alizaliwa Macerata, Italia, mwaka 1552, mtoto wa mwuza dawa aliyetaka mwanawe awe mwanasheria, lakini kijana huyo aliacha masomo ya sheria mjini Roma na kujiunga na Shirika la Yesu, yaani Wajesuiti, mwaka 1571. Katika chuo cha Wajesuiti huko Roma alifundishwa hisabati na falaki na Christopher Clavius, mmoja wa wataalamu walioandaa kalenda mpya ya Papa Gregori, ile ile tunayoitumia leo. Mwaka 1578 alipanda meli Lisbon, akazunguka Rasi ya Tumaini Jema, akapitia kisiwa cha Msumbiji, na mwezi Septemba akafika Goa. Upadre aliupokea Cochin, kusini mwa India, mwaka 1580.

Mimi ni mwalimu wa hisabati, na nimeamua kuipita njia aliyoipita ndani ya China kwa sababu nataka kuelewa jinsi mgeni asiye na jeshi, asiye na mali na asiye na shule yake mwenyewe alivyoweza kuwa mwalimu wa watu waliojihesabu, kwa haki kabisa, kuwa wamesoma kuliko watu wengine wote duniani.

Wageni wengi wanaokuja Macau hupanda ngazi kwenda kuutazama ukuta wa mbele wa Kanisa la Mtakatifu Paulo, uliosalia baada ya moto wa mwaka 1835. Nami nimepanda. Hata hivyo, ukuta huo Ricci hakuuona, kwa kuwa kanisa hilo lilianza kujengwa mwaka 1602, alipokuwa amekwisha kufika Beijing. Alichokikuta yeye ni kituo kidogo cha Wareno, na ndani yake Mjesuiti mwenzake, Michele Ruggieri, aliyekuwa akihangaika na lugha ya wenyeji kwa amri ya mkuu wao, Alessandro Valignano. Amri hiyo, kwa maoni yangu, ndiyo mwanzo wa yote yaliyofuata. Wamisionari wengi wa wakati ule waliwataka Wachina waliobatizwa Macau wajifunze Kireno, wavae Kireno na wajiite kwa majina ya Kireno. Valignano alitaka kinyume chake, kwamba padre ndiye aketi chini kwanza na kujifunza.

Jumanne, Zhaoqing

Nimevuka mpaka asubuhi na kupanda basi hadi Zhaoqing, mji ulio kando ya Mto Xi, mahali ambapo Ruggieri na Ricci waliruhusiwa kukaa mwezi Septemba 1583. Kiwanja walichopewa kilikuwa pembeni mwa Mnara wa Chongxi, ambao wakati huo ulikuwa bado unajengwa na ambao ungali umesimama leo na ghorofa zake tisa zinazoonekana kwa nje. Nyumba yao haipo tena. Nimezunguka mnara huo polepole, nikitazama jinsi unavyolikaribia eneo lililokuwa lao, kwa sababu nilitaka kuelewa kisa kimoja kilichonigusa sana.

Wenyeji hawakuwapenda wageni hao, na vijana walizoea kurusha mawe kutoka mnarani yaanguke juu ya paa lao. Siku moja mtumishi wa nyumba alimkamata mmoja wa wavulana hao kwa muda mfupi, na papo hapo majirani wakawashitaki mapadre kwamba walimfungia mtoto, wakampa dawa ya kumlevya na kutaka kumwuza Macau. Shitaka hilo lilithibitika kuwa la uongo, na mshitaki akahukumiwa kuchapwa viboko. Ricci akapiga magoti mbele ya hakimu kumwombea msamaha. Mwalimu yeyote aliyewahi kuwa mgeni katika jamii isiyomwamini anajua uzito wa tendo hilo, na anajua pia kwamba halifundishwi chuoni.

Wakati huo wote walivaa kanzu za watawa wa Kibudha na kunyoa nywele, kwa kuwa waliamini ndiyo sura ya mtu wa dini katika nchi ile. Kilichowavuta watu nyumbani kwao, hata hivyo, hakikuwa mavazi wala mahubiri. Sebuleni kulikuwa na vioo vya pembetatu vinavyoutawanya mwanga kuwa rangi, vitabu vyenye majalada ya ngozi, saa, na ukutani ramani ya dunia kutoka Ulaya. Mkuu wa mji, Wang Pan, aliitazama ramani hiyo akaomba iandikwe kwa Kichina, na mwaka 1584 Ricci akachora ramani yake ya kwanza ya dunia katika lugha hiyo. Wasomi waliozoea kuiona China ikijaza karibu karatasi nzima, na nchi nyingine zikiwa visiwa vidogo pembezoni, sasa walikuwa mbele ya mabara matano na bahari kubwa. Ricci hakuwakejeli; katika ramani zake aliisogeza Marekani upande wa mashariki, ili China isikae pembeni mwa karatasi, na wala kwa kufanya hivyo hakusema uongo wowote, kwa sababu dunia ni mviringo na kila mchoraji huchagua pa kuikata.

Katika miaka hiyo hiyo yeye na Ruggieri walianza kuandika kamusi ya Kireno na Kichina, ambayo haikumalizika wala kuchapishwa wakati wao, na ambayo maandishi yake yalikuja kugunduliwa Roma mwaka 1934. Mwaka 1589 gavana mpya aliitaka nyumba yao, akawafukuza.

Jumatano, Shaoguan

Siku hii naiandika kwa huzuni kiasi. Mji huu, ambao zamani uliitwa Shaozhou, ulimpokea Ricci mwaka 1589 na kumnyang'anya karibu kila alichokuwa nacho. Mwenzake António de Almeida alifariki hapa mwaka 1591, na aliyekuja kuchukua nafasi yake, Francesco de Petris, naye akafariki mwaka 1593. Mwaka 1592 wezi waliivamia nyumba usiku. Ricci aliruka dirishani na kuumia mguu, na tangu hapo alichechemea.

Nimekwenda hadi Hekalu la Nanhua, nje ya mji, ambako Ricci alipelekwa kwanza akaombwa akae na watawa, naye akakataa. Ndani yake unahifadhiwa mwili wa Huineng, anayeheshimiwa kuwa babu wa sita wa Chan, madhehebu mojawapo ya Kibudha. Waumini walikuwa wakiinama mbele yake na moshi wa ubani ulijaa ua. Hapa sina budi kusema wazi kwamba Ricci, aliyekuwa na subira kubwa kwa mafundisho ya Konfusio, mwanafalsafa wa kale wa China, hakuwa na subira ya namna hiyo kwa Ubudha. Aliuandika kwa ukali, hasa katika kitabu chake kikuu cha dini kilichochapishwa Beijing mwaka 1603, na naamini hakuusoma kwa kina kile kile alichowasoma wasomi wa Konfusio. Sikusafiri mbali hivi ili kulificha hilo.

Lakini Shaozhou ndiko alikompata mwanafunzi wake wa kwanza wa kweli. Qu Taisu, mtoto wa afisa mkubwa, alimjia akiwa amesikia uvumi kwamba wageni hawa wanajua kugeuza zebaki kuwa fedha. Siri hiyo haikuwepo. Badala yake akaanza kusoma hisabati, elimu ya anga kwa kufuata kitabu cha Clavius, na kitabu cha kwanza cha jiometri ya Euclid, mwanahisabati wa Kigiriki wa kale, akitengeneza kwa mikono yake vyombo vya kupimia na saa za jua. Huyo mwanafunzi ndiye aliyemshauri mwalimu wake avue kanzu ya mtawa, kwa sababu wasomi waliwadharau watawa, na avae joho la hariri la wasomi. Valignano alikubali, Ricci akafuga ndevu na nywele, na mwaka 1595 aliingia mikoa ya kaskazini akiwa na sura mpya kabisa.

Alhamisi, Mlima Meiling

Basi limenifikisha Nanxiong, kisha nikapanda kwa miguu njia ya mawe ya Meiguan, iliyofunguliwa mwaka 716 kwa usimamizi wa Zhang Jiuling, inayovuka kutoka mkoa wa Guangdong kuingia Jiangxi. Wapagazi na wafanyabiashara waliipita kwa karne nyingi, na mawe yake yamelainika. Upande wa pili Ricci alipanda jahazi kwenye Mto Gan, ambako chombo kilipinduka na kijana aliyefuatana naye, João Barradas, akafa maji. Nimelala Ganzhou.

Ijumaa, Nanchang

Hakuna mahali ambapo Ricci alifurahia zaidi kuliko Nanchang, na nadhani sababu ni kwamba hapa kwa mara ya kwanza alipokewa kama msomi miongoni mwa wasomi. Mbele yao alifanya jambo lililozungumzwa mji mzima: watu waliandika herufi za Kichina zipatazo 500 bila mpangilio wowote wa maana, akazisoma mara moja, kisha akazitaja zote kwa kumbukumbu tangu mwanzo hadi mwisho, na tena tangu mwisho hadi mwanzo. Gavana wa mkoa, aliyekuwa na wana watatu waliojiandaa kwa mitihani ya serikali, alimwomba awafundishe, naye mwaka 1596 akawaandikia kitabu kidogo juu ya ufundi wa kukumbuka kwa kuweka picha katika vyumba vya nyumba inayojengwa akilini. Mmoja wa wana hao alisema kwamba mbinu hizo ni nzuri, ila kuzitumia kunahitaji mtu awe tayari na kumbukumbu nzuri. Napenda kwamba Ricci mwenyewe ndiye aliyeyaandika maneno hayo katika barua yake, bila kuyaficha. Mwalimu asiyeogopa kuandika kwamba somo lake halikumfaa mwanafunzi anastahili kuaminiwa katika mengine.

Mwaka 1595, kwa ombi la mwana wa ukoo wa kifalme aliyekuwa akimkaribisha chakula, aliandika kwa Kichina kitabu cha misemo juu ya urafiki, aliyoikusanya kutoka kwa waandishi wa kale wa Ulaya. Kinaanza kwa kusema kwamba rafiki yangu si mtu mwingine, bali ni nusu yangu mwenyewe. Kilinakiliwa na kuchapishwa tena na tena na watu ambao hakuwahi kuonana nao, na katika barua zake alikiri kwamba kilimpatia heshima kuliko chochote alichokuwa amekifanya kabla yake. Jioni nimesimama karibu na Jumba la Tengwang kando ya mto, nikafikiri juu ya hilo. Kitabu chake cha kwanza kwa Kichina hakikuwa juu ya mafundisho ya Kanisa, wala hakikuwa juu ya hisabati; kilikuwa juu ya urafiki, na kupitia urafiki yote mawili yalipata mlango.

Jumamosi, Nanjing

Mji huu ulimfukuza mwaka 1595, ukamkubali mwaka 1599. Alinunua kwa bei nafuu nyumba ya serikali ambayo maafisa waliikimbia wakiamini ina mapepo, akaibariki, akahamia. Mwaka 1600 alikutana hapa na Xu Guangqi, msomi kutoka Shanghai, na kukutana huko kulikuwa kwa muda mfupi tu. Xu alibatizwa Nanjing mwaka 1603, Ricci akiwa mbali. Sikukaa sana, treni ya Beijing, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,000, iliondoka alasiri.

Jumapili, Beijing

Nimesali Misa katika Kanisa la Nantang, karibu na Xuanwumen, kwenye eneo ambalo Wajesuiti walinunua nyumba mwaka 1605. Jengo la sasa, la matofali ya kijivu, ni la mwaka 1904, kwa kuwa lililotangulia liliharibiwa katika machafuko ya mwaka 1900. Uani ipo sanamu ya Ricci katika joho la msomi.

Aliingia mji huu tarehe 24 Januari 1601, baada ya kuzuiliwa kwa miezi kadhaa na towashi Ma Tang, aliyeitamani mizigo yake. Zawadi kwa Mfalme Wanli zilikuwa michoro mitakatifu, kinanda, kitabu cha ramani na saa mbili, moja kubwa na moja ndogo. Mfalme huyo, aliyejifungia ndani ya kasri lake, hakuwahi kumwona Ricci uso kwa uso. Alizipenda saa, na kwa kuwa saa zilihitaji kurekebishwa, Wajesuiti waliruhusiwa kubaki. Matowashi wanne walitumwa kujifunza kinanda kwa Mjesuiti mwenzake, Diego de Pantoja, na Ricci akatunga kwa Kichina mashairi manane ya kuimbwa kwa kinanda hicho, yote yenye mafundisho ya maadili.

Mwaka 1602, kwa msaada wa Li Zhizao, afisa aliyependa jiografia tangu ujana wake, ilichapishwa ramani kubwa ya dunia katika vipande sita vinavyounganishwa, yenye upana wa zaidi ya mita tatu na nusu. Nimetazama nakala yake mara nyingi kabla ya safari hii, na kila mara macho yangu huenda Afrika, ambako pameandikwa kwamba Mto Naili ni mkubwa kuliko mito yote na huingia baharini kwa midomo saba. Huko ndiko wasomi wengi wa Beijing walikosoma kwa mara ya kwanza juu ya bara letu kwa upana wake.

Kazi ninayoiheshimu kuliko zote ilianza mwaka 1606. Xu Guangqi, aliyekuwa amefaulu mtihani wa juu kabisa wa serikali mwaka 1604 na kuingia chuo cha kifalme cha Hanlin, alikuja kila siku alasiri nyumbani kwa Ricci, wakaketi kwa saa tatu au nne. Ricci alieleza kwa mdomo, akifuata toleo la Euclid lililoandaliwa na mwalimu wake Clavius. Xu aliandika kwa Kichina safi, kisha wakarudi nyuma kukagua kila hoja, na kazi nzima wakaipitia mara tatu. Vitabu sita vya mwanzo vilichapwa mwaka 1607. Ricci alikuwa amewahi kujaribu tafsiri hiyo na watu wengine, akaacha kwa sababu lugha hizo mbili zilimshinda kuzipatanisha. Nimefundisha nadharia hizo miaka mingi, na najua jinsi hoja moja iliyokosa neno sahihi inavyoangusha zote zinazoifuata. Kwa hiyo najua pia walichokifanya wanaume hao wawili. Jina walilolipa somo hilo, pamoja na majina ya nukta, mstari na pembe, wanafunzi wa China wanayatumia hadi leo.

Jumatatu, Beijing, makaburini Zhalan

Makaburi haya yamo ndani ya chuo cha maafisa wa serikali cha Beijing, kwa hiyo ruhusa iliombwa mapema. Jiwe la Ricci limesimama katikati, na Wajesuiti waliomfuata, Johann Adam Schall upande mmoja na Ferdinand Verbiest upande mwingine, na karibu nao yamo mawe mengine mengi ya wamisionari.

Ricci alifariki tarehe 11 Mei 1610, akiwa na umri wa miaka 57, amechoka kwa kazi na kwa wageni. Mwaka huo ulikuwa wa mitihani, na maelfu ya watahiniwa walimiminika mjini. Wengi walitaka kumwona, na adabu ya wasomi ilimtaka ampokee kila mmoja na kumrudishia ziara. Aliwaambia wenzake kwamba anawaacha mbele ya mlango ulio wazi, lakini wenye hatari na taabu nyingi. Mgeni kuzikwa Beijing kwa ruhusa ya mfalme lilikuwa jambo geni, na Pantoja alipeleka maombi rasmi. Inasimuliwa kwamba afisa mmoja alipouliza kwa nini mtu huyu apewe heshima ambayo wageni wengine hawakupewa, waziri mkuu Ye Xianggao alijibu kwamba tafsiri ya kitabu cha Euclid peke yake ilitosha kumstahilisha kaburi. Alizikwa tarehe 1 Novemba 1611.

Mawe haya yalivunjwa mwaka 1900, yakasimamishwa, yakafukiwa wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni, yakasimamishwa tena. Urithi wake ndani ya Kanisa nao ulipita katika misukosuko. Ricci aliona kwamba Mkristo wa China anaweza kuwaheshimu wazee waliokufa na kumheshimu Konfusio bila kuabudu sanamu. Baada yake lilizuka bishano refu miongoni mwa mashirika ya wamisionari, na mwaka 1742 Papa Benedikto XIV aliyakataza kabisa mazoea hayo kwa Wakristo. Marufuku hayo yalilegezwa mwaka 1939 tu, chini ya Papa Pius XII. Nina hakika kwamba karibu karne mbili hizo ziliwagharimu Wakristo wa China sana, na kwamba gharama hiyo isingelipwa kama Roma ingemsikiliza mtu aliyekuwa ameishi nao. Tarehe 17 Desemba 2022 Papa Fransisko aliidhinisha tamko linalotambua fadhila za kishujaa za Ricci, hatua mojawapo katika njia ya kutangazwa mtakatifu.

Jumatano, Shanghai

Nimemalizia Xujiahui, eneo lililopewa jina la ukoo wa Xu, katika bustani lilimo kaburi la Xu Guangqi. Humo yupo pia Ricci, katika sanamu inayowaonyesha wawili hao wakizungumza. Mwaka 1607 Xu alirudi Shanghai kumwomboleza baba yake kwa miaka mitatu, kama desturi ilivyomtaka, na aliporejea Beijing rafiki yake alikuwa amekwisha kufa. Mwaka 1629 alipewa kazi ya kurekebisha kalenda ya dola, akawaingiza Wajesuiti wanafalaki katika kazi hiyo. Ricci alikuwa amewaomba wakuu wake watu wa namna hiyo tangu mwaka 1605, na Schall alikuwa mmoja wa waliotumwa.

Xu alitaka wamalize Euclid yote. Ricci ndiye aliyesema wasimame kwenye kitabu cha sita, waone kwanza kama wasomaji watakiona kina faida. Kama kitakuwa nayo, wengine watakuja kuendeleza. Vitabu tisa vilivyosalia vilitafsiriwa na Li Shanlan, mwanahisabati wa China, pamoja na Mprotestanti Mwingereza Alexander Wylie, wakifanya kazi hapa hapa Shanghai, na vikachapishwa mwaka 1857, miaka 250 kamili baada ya vile sita vya kwanza.